Kasoro Asiyoisikia Mnunuzi



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto alifu na be, na wakubwa wao nahau na fiqhi, leo akikuandikia habari za injini ya gari. Mimi si fundi. Hayo machache ninayoyajua niliyajua kwa kusimama kando ya gereji nikiwa na haya usoni, na sababu ya haya hiyo ndiyo nitakayokueleza. Nakuomba unisome mpaka mwisho, kisha ukitaka kunihukumu unihukumu.

Suala lenyewe nalitaja mapema usije ukachoka kulitafuta. Mtu auzapo kitu anachojua kuwa kina ila, na mnunuzi amekitazama kwa macho yake, amekijaribu kwa mikono yake, na ameridhika nacho, je, muuzaji akinyamaza amekosa? Wengi wetu watu wa pwani husema hakukosa. Husema, macho alikuwa nayo. Na mimi niliwahi kusema hivyo, tena nilisema nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa kusomeshea.

Nimezaliwa Tanga mjini, lakini kwa miaka mingi sasa nakaa Lushoto, katika milima ya Usambara, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Asiyefika huku na ajue kwamba reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu zama hizo Mombo ndiyo mlango wa kupandia milimani. Mombo ni tambarare na ni joto. Ukitoka hapo waanza kupanda, wapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita zipatazo 33 wafika Lushoto ukiwa umepanda kiasi cha mita 1,000, na sweta umekwisha kulivaa. Njia hiyo imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni ukuta wa mawe na mtaro wa maji, upande wa pili ni bonde, na ziko kona ambazo dereva hajui nani anakuja mpaka wakutane uso kwa uso. Humo ndimo wanamopita wagonjwa na wanafunzi, na malori ya kabichi, karoti na viazi yaendayo Tanga na Dar es Salaam, na vijana wenye vigari vidogo vya kuchukulia abiria.

Sasa nikueleze habari ya injini, maana bila ya hiyo hutaielewa dhambi yangu.

Injini ya petroli haiendi kwa mafuta peke yake; yataka na hewa, tena kwa kipimo. Katika magari ya zamani kazi ya kuchanganya viwili hivyo ilifanywa na kabureta. Katika magari yaliyokuja baadaye mafuta hupulizwa na nozeli, na hewa huingia kwa bomba lenye kizibo cha duara mfano wa sarafu, kinachozunguka juu ya mhimili wake. Bomba hilo pamoja na kizibo chake mafundi wetu huliita throto. Ukikanyaga mafuta kizibo hufunguka, na hewa ikaingia kwa wingi. Ukiondoa mguu hujifunga, lakini hubaki upenyo mwembamba sana, na pembeni yake kijia kidogo chenye vali, ili injini ipate pumzi ya kuishi gari liwapo limesimama. Mngurumo ule wa chini, pale mguu haupo kwenye mafuta, ndio wanaouita sailensi.

Na upenyo huo ndio unaoziba. Mvuke wa oili utokao tumboni mwa injini hurudishwa ndani ili uunguzwe, nao ukichanganyika na vumbi huganda penye ukingo wa kizibo, ukawa utando mweusi kama masizi ya chungu. Gari likiwa mbioni huoni kitu, kwa kuwa kizibo ki wazi. Shida huja unapoondoa mguu: injini hutetemeka, hudhoofika, kisha huzimika. Katika mji wa tambarare kama Tanga huo ni udhia tu. Walio nyuma yako watakupigia honi, utaona haya, utawasha tena, utaenda zako.

Mlimani ni habari nyingine. Breki za magari haya husaidiwa na mvuto wa hewa utokao kwenye injini yenyewe. Injini ikizimika, akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedeli huwa ngumu kama jiwe. Breki zipo, lakini zataka nguvu ambayo mtu aliyeshtuka hakumbuki kuitoa. Usukani nao huwa mzito. Dereva aliye ndani ya gia bado ana himaya kidogo, maana magurudumu huizungusha injini hata ikiwa imekataa kuwaka. Lakini aliyekanyaga klachi, au aliyeweka gia huru, uhai wake wategemea ule upenyo mwembamba niliokutajia. (Na wako madereva wengi wateremkao na gia huru wakidhani wanaokoa mafuta! Hawajui kwamba injini za nozeli, zikiteremka ndani ya gia na mguu umeondolewa, huyakata mafuta kabisa, na ni kwenye gia huru ndipo huyanywa ili zisizimike. Wanaiuza roho kwa faida ambayo haipo.)

Nilikuwa na Toyota Corolla kuukuu, ya miaka ya 1990. Mwaka 2016 likaanza kunizimikia. Likizimika penye kivuko cha shule, likizimika mbele ya msikiti watu wakitoka Ijumaa. Nikalipeleka kwa fundi aliyekuwa akilihudumia, kijana mwenye adabu. Akafungua boneti, akasikiliza, akaniambia, “Maalim, throto imeziba. Yataka kufunguliwa isafishwe, na mipira ya hewa niikague. Niachie mpaka alasiri.” Akanitajia shilingi 40,000.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuazimia kuliuza. Nikajiuliza, ya nini kutoa 40,000 kwa gari litakalokuwa la mtu mwingine? Nikamwambia, “Mwanangu, naliuza wiki hii. Lifanye lisizimike tu.” Akanitazama kidogo. Kisha akachukua bisibisi akakaza skrubu ndogo inayokizuia kizibo kisifunge mpaka mwisho wake. Mngurumo ukapanda, gari likatulia likawa kama jipya. Uchafu ulibaki palepale. Nikampa 5,000, akazipokea bila ya kusema neno.

Mnunuzi alikuwa kijana wa mtaani kwetu, niliyemsomesha Juzuu Amma angali mdogo. Alitaka gari la kuchukulia abiria baina ya Lushoto na Mombo, na mimi nilijua hivyo. Tulipatana nusu ya bei taslimu, na nusu kwa mafungu ya kila mwezi. Kabla ya kutoa fedha akaniuliza, kwa ile heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, “Maalim, gari lina tatizo lolote?”

Nikamjibu, “Liwashe, usikie mwenyewe.”

Akaliwasha. Akasikiliza, akatabasamu. Msomaji wangu, yapime maneno yale matatu utakavyo, hutapata ndani yake neno moja la uwongo. Na sijui kama nimewahi kusema uwongo mkubwa kuliko ule.

Haukupita muda mrefu. Uchafu hauachi kuganda kwa sababu skrubu imekazwa, bali huendelea mpaka upenyo ule mpya nao ukaziba. Siku moja ya mvua kijana alikuwa akimteremsha baba yake kwenda kupanda basi Mombo. Chini ya Soni wakawa nyuma ya lori. Akaondoa mguu, akakanyaga klachi ili abadili gia penye kona, na injini ikazimika. Breki ya kwanza ilishika, ya pili ikawa ngumu. Mwenyezi Mungu akamjaalia akili ya haraka, akalielekeza gari upande wa mlima, likaingia mtaroni likagonga ukuta. Lau angeliinamisha usukani upande wa pili, leo nisingekuwa na kalamu ya kuandikia. Yeye hakuumia. Baba yake alivunjika mkono wa kulia penye kiwiko.

Baada ya siku tatu kijana akaja nyumbani kwangu. Nilidhani anakuja kunidai. Akavua viatu, akaketi, akasema, “Maalim, nimekuja kukuomba radhi. Mwezi huu sitaweza kuleta fungu lako. Gari nimeliharibu kwa uzembe wangu, nadhani klachi niliikanyaga vibaya.”

Basi hebu itazame hali ile. Hapakuwa na mtu anayenishitaki, wala shahidi ila fundi mmoja ambaye hakuulizwa. Aliyedhulumiwa alikuwa amejishitaki mwenyewe na amekuja kuniomba mimi msamaha! Nikamwambia, “Hapana neno, mwanangu, uguza baba kwanza.” Akanishukuru akaondoka. Usiku ule sikupata usingizi, na uliofuata pia.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja, mtu wa biashara, mcha Mungu kwa ninavyomjua. Akaniambia, “Wewe wajitesa bure. Alilitazama, akalisikia, akalikubali. Kosa lako ni moja tu, hukutamka kwamba waliuza kama lilivyo. Ungalilitamka hilo ungalikuwa umemaliza.” Maneno hayo yalinipoza kwa muda wa kutoka nyumbani kwake mpaka kwangu. Nilipofika niliteremsha kitabu.

Wale mliosoma vyuoni kwetu mwakijua Minhaji cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa mauzo mna mas’ala hii hii: mtu akiuza kwa sharti kwamba hana dhima ya ila yoyote, sharti lake lina nguvu gani? Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba sharti hilo humsalimisha katika ila iliyofichikana ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Ama nyinginezo, hapana. Sababu yake ni wazi kwa kila aliyefuga. Mnyama ana maradhi ya ndani ambayo hata mwenyewe hayaoni, na binadamu hawezi kudhamini asichokijua. Basi rafiki yangu aliitafuta kinga yangu mahali pasipokuwa nayo. Kusema “kama lilivyo” ni ngao ya mtu asiyejua. Mimi nilijua, na nilijua mpaka jina la kitu na mahali kilipo.

Kisha nikakuta jambo lililonitoa jasho zaidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kuwafunga maziwa ngamia na mbuzi wanaotaka kuwauza, yaani kuacha kumkama mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae, na mnunuzi amdhanie kuwa ni mwenye maziwa mengi. Aliyemnunua mnyama huyo amepewa hiari: ataka atamzuia, na ataka atamrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Hadithi hiyo nimeisomesha mara zisizo na idadi, tena huku Lushoto ambako karibu kila nyumba ina ng’ombe wa maziwa au mbuzi, na watoto hucheka kwa kuwa wanamjua fulani wa kijiji cha pili anayefanya hivyo. Nao hucheka, na mimi hucheka nao.

Hebu tazama basi. Mwenye kukifunga kiwele hakusema uwongo hata neno moja. Maziwa yaliyomo kiweleni ni ya kweli, mnunuzi ayaona kwa macho yake na kuyashika kwa mkono wake. Ulimi haukusema kitu, ila mnyama ametengenezwa ili aseme uwongo kwa niaba ya bwana wake. Na mimi nililipa 5,000 gari langu lifundishwe kusema uwongo, kisha nikamwambia kijana alisikilize.

Hapo ndipo hoja ya “macho alikuwa nayo” inapoanguka. Ingekuwa nimenyamaza tu, gari likiwa katika hali yake likizimika-zimika, na mnunuzi akaona kisha akakubali, hapo angekuwa amenunua kwa macho yake. Lakini mtu hawezi kuyafunga macho ya mwenzake halafu akamlaumu kwamba hakuona.

Msomaji ataniuliza: je, muuzaji wa kitu kikuukuu akae chini ahesabu kila mkwaruzo na kila uzi uliofumuka? Gari la miaka ishirini lina ila kama nyota! Sisemi hivyo. Mkwaruzo wa mlangoni mnunuzi auona. Kiti kilichochanika akikalia. Mas’ala ni ile ila unayoijua wewe, asiyoweza kuijua yeye kwa kutazama kwa kawaida, nayo yapunguza thamani ya kitu au yaharibu kazi anayokitakia. Na juu ya neno hilo la mwisho, kazi anayokitakia, nina la kuongeza.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameleta katika Ihya kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa’. Mtu aliuza ngamia jike kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa amesimama hapo amepitiwa. Mnunuzi alipokwisha kwenda na ngamia wake, Wathila akazinduka akamkimbilia, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Mtu akasema kwa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika wayo wa ngamia yule, na kwamba hatavumilia mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji ikambidi apunguze dirhamu 100. Tena akamlalamikia Wathila kuwa amemharibia biashara yake.

Visa vya namna hii huwa tunavisomesha kwa ajili ya ukweli wa yule mwema. Mimi safari hii nilishikwa na lile swali lake: nyama au kupanda? Ngamia mwenye tundu wayoni ni mzima kabisa kwa mwenye kutaka nyama. Kwa mwenye safari ya jangwani ni hatari. Mnyama ni yuleyule na tundu ni lilelile. Kwa hiyo ila haikai ndani ya kitu peke yake. Hukaa baina ya kitu na njia kitakayopita. Gari langu, lau ningelimwuzia mtu wa Tanga wa kwendea sokoni na kurudi, ningekuwa nimemwuzia udhia. Kijana wa Lushoto nilimwuzia bonde la Soni. Na sikuhitaji kumwuliza analipeleka wapi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuniambia.

Nikarudi kwa fundi wangu, maana kisa hicho kilimgusa na yeye. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Alikuwa mtu aliyejua. Fundi naye alijua, na mji wetu ni mdogo, gari aliliona likipita kila siku na abiria ndani. Nilipomkabili alisema, “Maalim, ningemwambiaje mtu kwamba Maalim wake amemdanganya?” Sikuwa na jibu. Ndugu zangu walimu na masheikh, hilo ni letu sisi hasa. Heshima tunayopewa ni amana, na mimi niliitumia kumziba mdomo kijana mwaminifu ambaye mwanzo kabisa alikuwa ameniambia kweli.

Nikaenda nyumbani kwa kijana. Nikamweleza yote mbele ya baba yake, habari ya skrubu, na ya zile 5,000. Mzee alinyamaza. Kijana aliinama muda mrefu, kisha akasema, “Lakini nilikuuliza, Maalim.”

Hakuongeza neno.

Ikabaki kazi ya kulitengeneza gari na kuitengeneza haki, na zote mbili zilinifunza kitu. Gereji ya kwanza tuliyokwenda, ya barabarani, walisema throto imekufa, itolewe nzima itiwe nyingine, spea ya mtumba kwa 280,000. Kijana akanitazama kwa kuwa alijua nitalipa, na mimi nilikuwa tayari kulipa chochote ili moyo upoe. Alhamdulillahi, tulikwenda kwa mzee mmoja fundi wa huku huku, Mshambaa, mtu wa maneno machache. Akaitoa, akaushika mhimili wa kizibo kwa vidole akautikisa. Haukucheza. Akasema, mhimili ukilegea hewa hupenya pembeni, na hapo usafi haufai kitu, ni kubadilisha tu. Vilevile ukuta wa bomba ukiwa umechimbika, au kile kifaa kinachoipa kompyuta habari ya kizibo kikiwa kimekufa. “Hii ni chafu tu.” Akapuliza dawa, akafuta kwa kitambaa laini. Hakukwaruza kwa chuma, kwani baadhi ya throto zina utando wa kiwandani ambao ukikwanguliwa kizibo hakikai sawa tena. Akasafisha na kile kijia cha vali. Akairudisha skrubu mahali pake. Kisha akapitisha mkono nyuma, akakuta mpira mwembamba wa hewa umepasuka, akaukata akatia mwingine. Kitambaa akamkabidhi kijana mkononi, cheusi tititi, ili aone alichokuwa akiendesha. Akataka 35,000.

Akatuasa kwamba magari ya siku hizi, ambayo kizibo chake hakivutwi kwa waya bali husukumwa na mota, yasishikwe ovyo. Kizibo kikilazimishwa kwa kidole meno yake ya ndani huweza kuvunjika, na baada ya kusafisha injini huweza kunguruma juu mpaka kompyuta ijifunze upya. Nakuelezea haya, msomaji, ili utakapoambiwa nawe “imekufa, nunua nyingine,” upate walau swali la kuuliza: mhimili unacheza?

Washambaa wana neno lao la kale, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, kuirudisha katika uzima wake; na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Nilimwona mzee yule akifanya kuzifya kwa kitambaa. Tena nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Fundi anayekuuzia throto nzima usiyoihitaji, na mwenye gari anayekaza skrubu ili aifiche throto chafu, waonekana kama wako pande mbili mbali, mmoja azidisha na mmoja apunguza. Lakini mtaji wao ni mmoja, nao ni kutojua kwa aliye mbele yao. Mimi nilikuwa nimesimama gereji ya barabarani nimekasirika kwa kutaka kuibiwa 280,000, na hasira ile ilikuwa ya haki, ila sikuwa mtu wa kuwa nayo.

Ama haki, tuliketi watu wanne. Kwa sheria mnunuzi angeweza kunirudishia gari kwa ajili ya ile ila, lakini lilikuwa limepata ila nyingine mkononi mwake kwa kule kugonga, na hapo wanazuoni husema hawezi kunilazimisha kulipokea. Hukadiriwa tofauti ya thamani baina ya kitu kizima na kilicho na ila, akalipwa hiyo. Yule mzee fundi akakadiria, na makadirio yake yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa. Niliyafuta mafungu yote yaliyobaki, nikalipa matibabu na matengenezo. Rafiki yangu mfanyabiashara alisema nimezidisha. Kitabu cha hesabu huenda kikamwunga mkono. Abu Hanifa, aliyekuwa mwuza nguo, inasimuliwa kwamba mshirika wake alipoiuza nguo yenye ila akasahau kuitaja, na mnunuzi asijulikane alipo, aliitoa sadaka bei yote ya mauzo yale. Huyo ni Abu Hanifa, na mshirika wake alisahau. Mimi sikusahau.

Kijana aliendelea kuliendesha gari lile mpaka alipopata jingine. Alipoliuza nilisikia kwa watu kwamba alimweleza mnunuzi habari zake zote, hata za mtaroni, na akapata bei ndogo. Hakuniambia mwenyewe, na mimi sikumwuliza.

Baba yake yu hai. Mkono ulipona, lakini haunyooki mpaka mwisho, na kuuinua kwamtia tabu. Tukikutana sokoni hunipa mkono wa kushoto, kisha huniomba radhi kwa kunipa wa kushoto.